Mwangwi wa Bandama

Sauti ilimfikia kabla ya kitu kingine chochote: mvumo mwembamba, kama wa nyuki waliofungiwa kibuyuni, ukipanda, ukishuka, ukikatika ghafla, halafu ukianza upya. Inspekta Asukile alisimama kwenye ujia wa hospitali ya misheni, ng'ambo ya Kihesa, mjini Iringa, kofia mkononi, akautegea sikio mlango uliofungwa. Katika kazi yake alikuwa amesikia mengi nyuma ya milango: vilio, minong'ono, sahani zikivunjwa makusudi. Mvumo kama huu hakuwahi kuusikia.

"Ndiyo ile mashine, afande," alisema Koplo Silvester nyuma yake, akipuliza viganja kwa baridi ya Juni. "Imeletwa mwaka huu kutoka Uholanzi. Wanasema inaona tumboni bila kisu."

"Basi leo tuna shahidi asiyehongeka," Asukile alijibu. Akagonga mara moja, akaingia bila kungoja.

Kitandani alilala mwanamume mrefu, mweusi wa kung'aa, lakini midomo yake ilikuwa imepauka kama majivu. Huyu ndiye Nkuba, mfugaji wa Kisukuma kutoka bonde la Usangu. Asubuhi ile alipanda lori la ng'ombe lililokuwa likienda mnadani Iringa, yeye na mkewe Nyamizi kwa dereva, shemeji yake Masunga nyuma pamoja na ng'ombe. Kabla hawajaingia mjini aliteleza kitini kama gunia lililokatwa kamba. Alipofikishwa getini pa hospitali, katika maneno machache aliyomwambia koplo wa zamu, Silvester, jina lilikuwa moja tu, Masunga, kisha akanyamaza. Jina hilo, pamoja na maelezo ya mwenye lori, lilitosha kumtia Masunga pingu. Na kwa kuwa Usangu ni mkoa wa Mbeya, simu ilimtafuta mpelelezi wa Mbeya, ikamkuta Asukile mahakamani Iringa alikokuja kutoa ushahidi wa kesi nyingine.

Daktari aliyeinama juu ya mgonjwa hakugeuka. Alikuwa Benedicta Kalinga, mwanamke mfupi wa hapo hapo Kihesa, aliyesoma Ulaya akarudi na ulimi ule ule wa nyumbani.

"Nani amekupa ruhusa ya kuingia?"

"Serikali, daktari."

"Basi serikali ifunge mlango. Baridi inaingia."

Asukile akaufunga. Daktari alikuwa ameshika kitu chenye ukubwa wa kipande cha sabuni, chenye waya mnene, akikitelezesha juu ya tumbo lililopakwa mafuta. Mvumo ulitoka humo. Kwenye kioo kidogo kando ya kitanda, vumbi jeupe lilikuwa likicheza gizani.

"Unaona nini pale?" daktari aliuliza.

"Manyunyu ya mvua usiku."

"Afadhali wewe. Koplo wako aliona mzimu. Umewahi kupiga kelele milimani, Inspekta?"

"Mimi ni mtu wa Tukuyu. Nimezaliwa nikipiga kelele milimani."

"Ndiyo maana mnaongea kwa sauti. Sasa, ukipiga kelele, mlima unakurudishia mwangwi. Hii mashine inapiga kelele tumboni, kelele ambazo sikio halizisikii. Huo mvumo unaousikia ni mota tu. Kelele zikigonga nyama, mwangwi unarudi, kioo kinang'aa. Zikikuta kimiminiko zinapita moja kwa moja, hakirudi kitu. Hapo panakuwa peusi." Alikisogeza kile kipande kidogo, akaelekeza kidole kwenye kioo. "Hili ni ini. Hili figo. Kati yao hapatakiwi kuwa na kitu."

Asukile aliinama. Kati ya ini na figo ulipita utepe mweusi, wenye ncha kali kama jani la muwa.

"Damu?"

"Damu. Na upande wa kushoto, kwenye bandama, iko nyingi zaidi."

"Utajuaje kwamba si maji tu?"

"Swali la kipolisi," alisema daktari, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Ngoja jibu la kidaktari."

Alichukua sindano ndefu. Hakuangalia ngozi wala mkono wake. Aliangalia kioo, kama dereva anayeangalia barabara. Cheche nyeupe, nyembamba, ilitokea ndani ya vumbi, ikapenya, ikaingia kwenye weusi ikatulia humo. Akavuta. Bomba likajaa wekundu mzito. Akaimimina ile damu kwenye kichupa cha kioo, akakiweka dirishani.

"Ikiganda, nimetoboa mshipa mimi mwenyewe. Isipoganda, ni damu iliyokwisha kukaa tumboni. Lakini nakwambia mapema, haitaganda. Bandama imepasuka. Watu wa bondeni malaria huwavimbisha bandama mpaka inakuwa laini kama embe bivu. Lazima nimfungue sasa hivi."

"Mfungue basi. Unangoja nini?"

"Namngoja yule."

Kwenye kona, juu ya kiti, aliketi Nyamizi. Alikuwa amejitanda kaniki mpaka kidevuni. Hakuwa akilia.

"Nimesema siruhusu," alisema kabla hajaulizwa.

"Dada, mumeo anakufa," Asukile alisema.

"Naona. Nina macho. Lakini mkimpasua akafa, mtasema ameuawa, na Masunga ni kaka yangu, tumbo moja. Mtamnyonga. Ruhusa niitoe mimi, kamba niishike mimi? Nipeni mume wangu nimrudishe Usangu. Akifa njiani, nitasema Mungu kamchukua."

Daktari alimvuta Asukile pembeni. "Umesikia? Nimemwekea maji mshipani, lakini ndoo iliyotoboka haijai. Mimi kazi yangu nimeshaijua. Iliyobaki ni yako."

"Nina muda gani?"

"Mdogo. Usiniulize saa."

Wanaume wengine wangetoka jasho. Asukile alifunga kifungo cha juu cha koti lake. Alipenda kazi iliyobanwa, iliyolegea ilimchosha.

"Silvester! Njoo hapa. Mgonjwa alisema nini getini?"

"Alisema Masunga amempiga, afande."

"Sitaki ulichokielewa. Nataka alichokisema. Maneno yenyewe, mabichi, usinipikie."

Koplo alikuna shingo. "Alisema... 'Masunga amenipiga teke.'"

"Teke! Na hilo teke umeliacha wapi?"

"Niliona ni yale yale, afande. Kupigwa ni kupigwa."

"Kupigwa ni kupigwa," Asukile alirudia polepole, kama mtu anayeonja mchuzi uliokosa chumvi. "Endelea."

"Nadhani alipigwa na fimbo pia. Tazama anavyoshika bega la kushoto. Na fimbo ya Masunga tunayo, ina damu."

"Bega halina hata mchubuko," daktari alidakia. "Damu ikijaa chini ya kiwambo, ule utando unaotenga tumbo na kifua, maumivu hupanda begani. Bega linalia kwa niaba ya tumbo. Usimfunge mtu kwa bega."

"Na damu ya fimbo ni ya kupe, Koplo," alisema Asukile. "Nimeiona nilipoingia, ina manyoya ya ng'ombe. Daktari, nionyeshe mbavu."

Daktari alifunua shuka. Upande wa kushoto, chini ya mbavu, palikuwa na alama mbili zilizokaa sambamba, ndefu kidogo, zenye nafasi nyembamba kati yake, kama punje ya kahawa iliyopasuliwa nusu kwa nusu. Asukile alipitisha kidole juu yake. Gaga lilikuwa limekauka, limeanza kubanduka.

"Hili gaga si la leo."

"Wala damu yote si ya leo," alisema daktari. Akakirudisha kile kipande tumboni, mvumo ukaanza. "Tazama kando ya bandama. Damu mbichi ni nyeusi. Lakini hapa pana ukijivu, umekaa matabaka. Hiyo iliganda zamani, ndiyo maana inarudisha mwangwi. Bandama ilipigwa siku kadhaa zilizopita, gamba lake likaibana damu. Leo gamba limeachia. Mtikisiko wa lori tu ungetosha."

"Hilo ungeapa mahakamani?"

"Hata kanisani."

Asukile alitoka mbio uani.

Masunga alikuwa ameketi nyuma ya Landrova ya polisi, magoti yamegusa kidevu, miguuni katambuga za tairi zilizochakaa. Alipomwona Asukile hakusimama.

"Amekufa?"

"Bado. Onyesha nyayo za katambuga zako."

Masunga aliinua mguu, akishangaa. Tairi lilikuwa pana, bapa, la kipande kimoja toka kisigino hadi vidole.

"Ulifika lini kwa shemeji yako?"

"Jana jioni. Nimetoka Shinyanga kwa basi."

"Tiketi alikuwa nayo mfukoni, afande," Koplo alikiri. "Ya jana."

"Na leo asubuhi mligombana."

"Tuligombana, sikatai. Nimemkuta shemeji anatembea ameshika mbavu. Namuuliza, ananiambia amelala vibaya. Kisha naona anapakia maksai wa kulimia, tena yule niliyempa mimi walipohamia Usangu. Nikamwambia, shemeji, zawadi haiuzwi! Akakataa kunijibu. Nikasema basi na mimi napanda, nikaone mnadani wanauzwaje. Saulo hakupenda."

"Saulo mwenye lori."

"Huyo huyo. Alisema nyuma hakuna nafasi. Nikamwambia mimi na ng'ombe tunajuana, tutabanana."

Asukile alirudi ndani, akachuchumaa mbele ya kiti cha Nyamizi mpaka macho yao yakawa sawa.

"Dada, nikuulize jambo moja. Mumeo alisema, 'Masunga amenipiga teke.' Wewe unaamini?"

Nyamizi aliinua uso. "Teke? Mimi niliambiwa tu kwamba kamtaja kaka yangu. Hakuna aliyeniambia habari ya teke." Akakunja uso, akafikiri. "Masunga yupi?"

Daktari aligeuka kutoka kwenye mashine.

"Kwani wako wangapi?" Asukile aliuliza taratibu.

"Wawili. Mmoja huyo mliyemfunga. Mwingine yuko kwenye lori la Saulo. Ana pembe."

Koplo Silvester alichungulia dirishani kuelekea barabarani.

"Kwetu," Nyamizi aliendelea, maneno sasa yakimtoka kwa kasi, "mnyama ukipewa zawadi, unamwita jina la aliyekupa, ili shukrani isisahaulike. Yule maksai mwekundu ni Masunga tangu alipokuwa ndama. Ni mkorofi upande wa nyuma. Ndiyo maana! Nilijiuliza, mtu anauzaje maksai wake wa kulimia? Kumbe alimpiga, mume wangu akanificha! Mfugaji mzima apigwe teke na maksai wake? Wenzake wangemtungia wimbo, angeimbwa bonde zima."

"Angeimbwa yuko hai," alisema Asukile, akisimama. "Nani mwingine anajua jina la maksai huyo?"

"Saulo. Alipogoma kupanda asubuhi, Saulo ndiye aliyekuwa akimbembeleza. 'Masunga, panda! Masunga, twende!' Kaka yangu akawa anacheka huko juu."

Lori lilikuwa limeegeshwa nje ya ukuta, ng'ombe wakihema mvuke kwenye baridi. Saulo, mnunuzi wa ng'ombe kutoka Uyole, mtu wa makoti mawili na kofia ya pama, alikuwa akikaza kamba ya mlango wa nyuma.

"Unaondoka, Bwana Saulo?"

"Mnada haungoji, afande. Maelezo nimeshampa koplo. Lakini nyie kazi yenu, siwezi kuwazuia."

"Nirudishie kidogo tu. Ulimwona Masunga akimpiga?"

"Kwa macho haya mawili. Alirusha teke, likampata mbavuni, pwaa!"

"Lini?"

"Leo asubuhi, jua likichomoza."

"Mguu gani?"

"Wa kulia."

"Amevaa nini?"

"Katambuga zake hizo hizo."

"Na Nkuba akaanguka."

"Akaanguka, maskini. Mimi ndiye niliyemwinua. Ndiyo malezi yetu sisi watu wa Uyole."

"Uyole kwa wajomba zangu, usiisingizie," Asukile alisema. Alipanda kwenye gurudumu, akachungulia kati ya mbao. "Huyu mwekundu anaitwaje?"

Saulo alicheka. "Afande nawe! Ng'ombe wa kuuza hana jina. Jina lake ni kilo."

"Masunga!" Asukile aliita.

Yule maksai mwekundu akageuza kichwa, masikio mbele. Akaitwa tena, akasogea, akiwasukuma wenzake, akapenyeza pua kati ya mbao. Asukile alitelemka, akainama, akatazama chini kati ya mbao za ubavu. Kwato ya nyuma ilikuwa imekanyaga ukingo: nusu mbili sambamba, nafasi nyembamba kati yake.

"Bahati tu hiyo," alisema Saulo, lakini mikono yake ilikuwa imeachia kamba.

"Sikiliza, Saulo, na ukipata pengo katika maneno yangu, lizibe. Alama iliyo kwenye mbavu za Nkuba imegawanyika mara mbili. Katambuga haina ufa. Gaga lake limekauka; leo asubuhi halikauki. Damu tumboni ina tabaka la siku nyingi, na Masunga wa miguu miwili amefika jana jioni. Mgonjwa alimtaja maksai. Wewe uliyembembeleza maksai huyo kwa jina lake ulijua anamtaja nani. Ukamkabidhi koplo wangu binadamu."

"Mimi nilisema nilivyosikia!"

"Kusikia ulisikia. Kosa lako ni kuona."

Saulo akatazama barabara, akatazama lori. Koplo Silvester alikuwa amekwisha kusimama mlangoni kwa dereva, mabega yamejaa, ana hasira ya mtu aliyetumiwa.

"Mwenye ng'ombe kitandani," Asukile aliendelea, "shemeji yake rumande, mama wa watu amekwama hospitali. Nani angekuuliza leo wala kesho ng'ombe wameishia wapi? Silvester, zile pingu kaziazime kwa Masunga. Zimepata mwenyewe."

"Ndiyo, afande! Na ninaomba kuandika maelezo upya."

"Utaandika. Mabichi."

Waliporudi wodini, daktari alikuwa amesimama dirishani na kile kichupa. Alikiinamisha upande mmoja, damu ikatiririka kama maji. Akakiinamisha upande wa pili, ikatiririka tena. Haikuwa imeganda hata chembe. Manesi wawili walikuwa wamekwisha kushika kitanda, wanasubiri neno.

Masunga aliingia nyuma ya Asukile. Nyamizi hakumtazama uso. Aliitazama kwanza mikono yake, akaiona haina pingu.

"Nahitaji damu ya kumwongezea," alisema daktari. "Ya kwako tutaipima, ikifaa nitaichukua yote utakayoweza kutoa."

Masunga akakunja shati mpaka begani. "Chukua. Jina langu limeshamtoa ya kutosha."

Nkuba alifumbua macho. Alimwona shemeji yake, akasogeza midomo. Sauti ilikuwa ndogo sana, lakini wote waliisikia: "Shemeji... wasijue... teke."

"Wameshajua, shemeji," Masunga alimwambia kwa upole. "Mpaka polisi wa Mbeya wanajua. Pona kwanza, aibu tutagawana."

Daktari alimgeukia Nyamizi. Hakumhimiza, hakumbembeleza. "Mama, nimeona kilipo. Sitapapasa gizani. Nitaingia pale pale, nitaifunga mishipa, nitaitoa bandama. Mtu anaishi bila bandama. Bila damu haishi."

Nyamizi alisimama. Alikwenda mpaka mbele ya Asukile, akamshika mkono wa koti, akaubana.

"Baba, wewe ni askari. Na neno la askari hubadilika akija mkubwa wake. Leo umemfungua kaka yangu kwa sababu huyu anapumua. Akifa humo ndani, mkubwa wako atasema, mbona marehemu alimtaja Masunga? Mahakama ya Mbeya itamwita maksai akatoe ushahidi? Nipe neno lako, hapa, kwa sauti, na mimi nimpe daktari la kwangu."

Manesi walitazamana. Koplo Silvester, mlangoni, mkono mmoja juu ya bega la Saulo, akajikuta amesimama wima kama kwenye gwaride.

Asukile alivua kofia.

"Nyamizi, nisikilize, na hawa wote wasikie. Nkuba akitoka humo amefumbua macho au ameyafumba, mimi nitasimama Mbeya na nitasema nilichokiona hapa, mbele ya mkubwa wangu na mbele ya mkubwa wake, na daktari huyu atasimama upande wangu. Teke hili kaka yako hatalilalia rumande hata usiku mmoja. Na yeyote atakayekuja kumchukua, itabidi anifunge mimi kwanza."

Nyamizi aliuachia mkono wa koti, akamgeukia daktari: "Mfungue."